Shimo jeusi likiyeyuka, taarifa zilizoingia mle zinaenda wapi?

Mwaka 1976 mwanafizikia Stephen Hawking alichapisha makala ya kitaalamu ambayo ukiichuja kabisa inasema hivi: kuna mahali ulimwenguni ambapo sheria za fizikia zenyewe zinapoteza kumbukumbu. Kitu kinaingia kwenye shimo jeusi, yaani mahali ambapo hata mwanga hauwezi kutoka, shimo linayeyuka polepole mpaka linaisha, na hata ukikusanya kila chembe iliyotoka usiache hata moja, ukapewa na uwezo wote wa kukokotoa, bado huwezi kurudi nyuma ukasema kile kilichoingia kilikuwa nini. Sio kwamba ni kazi ngumu, haiwezekani kabisa. Wanafizikia wenzake Gerard 't Hooft na Leonard Susskind walipolisikia hilo walikataa katakata, na ubishi ulioanzia pale umeendelea miaka zaidi ya arobaini na njiani umebadilisha namna wanafizikia wanavyofikiria anga, muda na graviti (nguvu ya uvutano), kwa hiyo nataka niufungue taratibu maana mara nyingi unaelezwa harakaharaka mpaka kiini chake hakionekani.

Kwanza tuelewane taarifa ni nini hapa. Kwa mwanafizikia taarifa ni maelezo kamili ya hali ya kitu, yaani chembe zake zote ziko katika hali gani na zimefungamana vipi zenyewe kwa zenyewe. Na fizikia ya kwantamu, ile inayoeleza chembe ndogo kabisa, ina sheria moja ambayo hakuna maabara iliyowahi kuiona ikivunjwa: mianzo miwili tofauti haiwezi kuishia kwenye mwisho ule ule mmoja. Ukiijua hali ya sasa kwa ukamilifu, kuna hali moja tu ya nyuma iliyoweza kuizaa. Chukua daftari ulichome moto. Kwa macho maandishi yamekwisha, lakini kama ungeweza kukusanya moshi wote, majivu yote na mwanga wote uliotoka, ukajua hali ya kila chembe, kimsingi ungeweza kurudi kinyume hatua kwa hatua mpaka maneno yakasomeka tena. Hakuna mtu atakayewahi kufanya hivo, ila taarifa ipo, imesambaa tu. Na hii sheria sio pambo, ndo inayofanya uwezekano wa matokeo yote ukiujumlisha upate asilimia 100, leo na kesho, kwa hiyo ukiigusa hapo umegusa nguzo ya nyumba nzima.

Sasa shimo jeusi. Karl Schwarzschild alichapisha jibu la milinganyo ya Einstein ya graviti mwaka 1916, na kutokana na jibu lile tunajua kwamba masi yoyote ukiikandamiza ndani ya kipimo fulani hata mwanga hauwezi kutoka tena: kwa Jua ni nusu kipenyo cha kilometa 3 hivi, kwa Dunia ni kama milimita 9. Mpaka ule tunauita upeo wa matukio. Si ukuta wala si ganda, ni mstari tu wa kutorudi, na kwa shimo kubwa mtu akiuvuka kwa mujibu wa Einstein hasikii chochote cha ajabu pale. Kingine ni kwamba shimo likishatulia, ukiwa nje unaliona kwa vitu vitatu tu, masi yake, chaji yake na jinsi linavyozunguka. Nyota iliyoporomoka ilikuwa ya haidrojeni au ya chuma, iliingia na nini juu yake, hivo vyote havionekani tena kutoka nje.

Mpaka hapo bado hakuna tatizo lolote, na hili ni la kushika. Kuficha sio kupoteza. Unaweza kusema taarifa zipo ndani, hatuzifikii sisi, basi. Kama shimo lingekaa milele ubishi wote huu usingekuwepo.

Kilichoharibu utulivu huo kilianzia kwa Jacob Bekenstein, aliyekuwa bado mwanafunzi pale Princeton mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliuliza swali ambalo ni rahisi kuuliza ila zito: ukitupa kitu chenye vurugu nyingi ndani ya shimo jeusi, ile vurugu, yaani entropia, si imepungua ulimwenguni? Na sheria ya pili ya thermodainamiki inasema haipungui. Akapendekeza kwamba shimo lenyewe lina entropia na kipimo chake ni eneo la upeo wake. Hawking hakupenda wazo hilo hata kidogo, kwa sababu kitu chenye entropia na nishati lazima kiwe na halijoto, na chenye halijoto lazima kitoe mnururisho, na shimo jeusi halitoi kitu. Akakaa chini kuhesabu nyuga za kwantamu zinafanya nini karibu na upeo, na mwaka 1974 akatangaza kwamba linatoa! Hesabu ikampa halijoto kamili, ikaonesha kwamba Bekenstein alikuwa sahihi, entropia ya shimo ni robo ya eneo la upeo ukilipima kwa vipimo vya Planck, vipimo vidogo kabisa vya fizikia. Kwa shimo lenye masi ya Jua hiyo ni namba ya kutisha, moja ikifuatiwa na sifuri 77 hivi, wakati Jua lenyewe kama nyota la kawaida lina entropia ya kama moja na sifuri 58.

Halijoto yenyewe ni ndogo mno. Shimo la masi ya Jua lina takriban kelvini 0.00000006, na kwa kuwa mabaki ya mwanga wa mwanzo wa ulimwengu yaliyotuzunguka yana kelvini 2.7, shimo kama hilo leo linameza joto zaidi ya linalotoa. Likija kuanza kupungua litachukua miaka ambayo ni moja ikifuatiwa na sifuri 67, na ulimwengu mpaka sasa una miaka bilioni 13.8 tu. Kadiri linavyopungua ndivyo linavyozidi kuwa la moto, na ndivyo linavyopungua kwa kasi zaidi, mpaka mwisho wake ni mlipuko. Kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuuona mnururisho huu kutoka shimo la kweli angani. Mtu anaweza kuuliza sasa tunahangaika na nini, na jibu langu ni kwamba swali hapa ni kama sheria zetu mbili kubwa, za kwantamu na za graviti ya Einstein, zinaweza kuishi pamoja, na sheria zikigongana kwenye karatasi zimegongana kweli, hata kama hakuna atakayesubiri hiyo miaka.

Zinagongana wapi? Mnururisho aliouhesabu Hawking unategemea vile vitu vitatu tu, masi, chaji na mzunguko. Hauna alama yoyote ya kilichoingia. Fanya mashimo mawili yenye masi sawa, moja kutokana na nyota na jingine kutokana na rundo la chochote kingine, yote yatatoa mnururisho wa aina moja mpaka yaishe, na baada ya hapo kimebaki kile kile kwa yote mawili. Mianzo tofauti, mwisho mmoja. Lile daftari likiungua moshi wake unategemea kilichokuwa kinaungua, hapa hautegemei.

Hapo watu wengi huishia, lakini utamu wenyewe unaanzia hapa. Mnururisho wa Hawking hauji hivi hivi, kila chembe inayotoka nje imefungamana na mwenzake aliyebaki ndani ya upeo. Kufungamana kwa kwantamu maana yake ni kwamba zile chembe mbili zikichukuliwa pamoja hali yao inajulikana kikamilifu, ila ukishika moja peke yake hujui kitu kuhusu hali yake, imebaki bahati nasibu tupu. (Ile hadithi ya jozi ya chembe inayozaliwa mpakani, moja ikadondoka na nyingine ikaponyoka, ni picha ya kusaidia tu, hesabu yenyewe haisemi chembe ilizaliwa wapi hasa, lakini ufungamano wa nje na ndani ni wa kweli.) Kwa hiyo kila chembe inayotoka inaongeza kutokujua kwetu upande wa nje. Ya kwanza inaongeza, ya pili inaongeza, na kwa hesabu ya Hawking inaongezeka tu bila kurudi mpaka siku shimo linaisha, na shimo likiisha wale wenzao wa ndani hawapo tena, umebaki na nusu za jozi zisizo na jozi.

Mwaka 1993 Don Page akauliza, sawa, tuseme taarifa hazipotei, ukichora kutokujua kwetu kadiri muda unavyokwenda, mstari huo unatakiwa uwe na sura gani? Jibu lake naliona ni moja ya mambo mazuri sana kwenye fizikia nzima kwa sababu halihitaji kujua chochote kuhusu kilichomo ndani ya shimo. Shimo lina nafasi yenye kikomo, ile entropia ya robo ya eneo. Mnururisho hauwezi kufungamana na shimo kuliko nafasi ya shimo inavyoruhusu, na nafasi hiyo inapungua kila siku. Kwa hiyo mwanzoni mstari unapanda kama Hawking alivyosema, ila ukifika pale ambapo mnururisho uliotoka na shimo lililobaki vimelingana uwezo, karibu na katikati ya umri wake, mstari lazima ugeuke uanze kushuka mpaka sifuri. Kuanzia hapo chembe mpya zinazotoka zinatakiwa ziwe zimefungamana na zile za zamani zilizotoka kabla yao, na ndani ya ufungamano huo, sio ndani ya chembe moja moja, ndimo taarifa zinakuwa zimeandikwa.

Ona hilo limefanya nini. Zamani ulikuwa unaweza kujitetea kwamba Hawking alikosea pale mwishoni kabisa, shimo likiwa dogo mno na graviti ya kwantamu imechacha, mambo ambayo hakuna anayeyajua. Page anakwambia hapana, mgongano unatokea katikati, shimo likiwa bado kubwa, upeo wake umetulia, na nadharia zote mbili zinatakiwa zifanye kazi bila shida yoyote. Hiyo ndo sababu wazo la kwamba kunabaki kitu kidogo mwishoni kilichobeba taarifa zote halikupendwa na wengi, maana hicho kibaki kingelazimika kuwa na hali za ndani nyingi kupita kiasi kwenye mwili mdogo wa ajabu.

Kulikuwa pia na waliosema basi zipotee tu. Mwaka 1984 Banks, Peskin na Susskind walionesha kwamba ukiruhusu hilo ovyo unaharibu uhifadhi wa nishati, na miaka kama kumi baadaye Unruh na Wald wakajibu kwamba si lazima iwe hivo, na Wald na Unruh wana hoja ambayo haitakiwi kupuuzwa: kama kuna eneo la anga na muda ambalo limetoweka, kwa nini tushangae kwamba nusu ya hesabu imeondoka nalo? Lakini mizani iliinamia upande mwingine mwaka 1997 Juan Maldacena alipoonesha kwamba kuna aina ya ulimwengu, wenye mpindo fulani, ambapo graviti yote ya ndani ni sawasawa kabisa na nadharia ya kwantamu isiyo na graviti inayoishi kwenye mpaka wake. Nadharia ile ya mpakani haipotezi taarifa kamwe, kwa hiyo shimo jeusi likiyeyuka mle ndani nalo halipotezi. Mwaka huo huo Hawking na Kip Thorne waliwekeana dau na John Preskill, wao wakisema zinapotea, yeye akisema hazipotei. Mwaka 2004 kwenye mkutano wa Dublin Hawking alikubali kushindwa akampa Preskill ensaiklopidia ya besiboli. Thorne hakukubali siku ile, na naweza kumwelewa, maana hoja ya Maldacena inakwambia taarifa zinatoka lakini haikuoneshi kosa liko kwenye mstari upi wa hesabu ya 1974.

Susskind na wenzake walikuwa wameshatoa wazo lao 1993: anayetazama kutoka nje anaona vitu vikifika karibu na upeo, vinavurugwa pale na kurudishwa kwenye mnururisho, anayedondoka ndani anaona amepita salama, na wote wawili wako sahihi kwa sababu hakuna anayeweza kuziona nakala zote mbili za taarifa ile ile. Hilo la nakala ni muhimu kwani kwantamu hairuhusu kunakili hali isiyojulikana, sheria iliyothibitishwa tangu 1982. Mwaka 2007 Patrick Hayden na Preskill walilibana hilo wazo kwelikweli: wakaonesha kwamba ukitupa taarifa kidogo kwenye shimo lililopita katikati ya umri wake, na umeshika mnururisho wote wa zamani, ile taarifa inarudi karibu mara moja, ni muda wa kuvurugwa tu, ambao kwa shimo la masi ya Jua ni sehemu ndogo ya sekunde. Wazo lilibanwa ila halikuvunjika.

Lilikuja kupasuka 2012. Almheiri, Marolf, Polchinski na Sully wakachukua chembe moja tu inayotoka kwenye shimo la zamani. Kwa Page, ili taarifa zitoke, chembe hiyo iwe imefungamana kikamilifu na mnururisho wa zamani. Kwa Einstein, ili upeo uwe mahali pa kawaida, chembe hiyo iwe imefungamana kikamilifu na mwenzake wa ndani. Na kwantamu hairuhusu chembe moja kufungamana kikamilifu na wawili. Chagua. Ukiukata ule wa ndani, nishati inayotokea mpakani ni kubwa kiasi kwamba anayedondoka haoni utulivu wowote, anakutana na ukuta wa moto pale ambapo nadharia ya relativiti, ile ya Einstein ya graviti, inasema hakuna kitu. Kwa maoni yangu hii ndo sura iliyo safi zaidi ya kitendawili chote, maana imekilaza kwenye chembe tatu na haikuachii pa kukimbilia.

Halafu Mei 2019, mwaka mmoja na kidogo baada ya Hawking kufariki, zikatoka kazi mbili karibu wiki moja, moja ya Geoff Penington peke yake na nyingine ya Almheiri, Engelhardt, Marolf na Maxfield. Wote walitumia kanuni ya kuhesabu entropia kwa graviti iliyokuwa imejengwa hatua kwa hatua tangu Ryu na Takayanagi mwaka 2006. Kanuni inasema hivi: unapotaka entropia ya mnururisho usiuhesabu mnururisho peke yake. Jaribu pia kuongeza vipande vya anga vilivyo mbali nao, lipia kila kipande robo ya eneo la mpaka wake, kisha chagua jibu lililo dogo kuliko yote. Shimo likiwa changa jibu dogo ni lile lisilo na kipande chochote, na unapata mstari wa Hawking unaopanda. Shimo likizeeka jibu dogo linahama ghafla, linakuwa lile lenye kipande kikubwa cha ndani ya shimo, ambacho wanakiita kisiwa, na mpaka wake unakaa karibu kabisa na upeo. Na ndani ya kisiwa ndimo waliko wale wenzao wa chembe zilizotoka! Ukiwahesabu kama sehemu ya mnururisho jozi zinakamilika, kutokujua kunafutika, kinabaki kile cha robo ya eneo la upeo ambacho kinashuka kadiri shimo linavyopungua. Mstari wa Page umetoka, na umetoka kwenye hesabu ya graviti yenyewe bila kukopa kwa Maldacena kwamba taarifa hazipotei.

Baadaye mwaka huo vikundi viwili vikaonesha kanuni hiyo inatoka wapi. Unapohesabu entropia unalazimika kuchukua nakala kadhaa za shimo na kujumlisha maumbo yote ya anga na muda yanayowezekana, na kwenye jumla hiyo yamo maumbo ambayo nakala zimeunganishwa ndani kwa ndani. Hawking hakuyahesabu hayo. Kwenye shimo changa mchango wao ni mdogo hauonekani, kwenye shimo la zamani ndio wanaotawala. Kinachonigusa hapa ni kwamba mbinu hii ya kujumlisha maumbo ni ile ile ambayo Hawking mwenyewe aliijenga na Gibbons mwaka 1977, kwa hiyo chombo kilichorekebisha hesabu yake kilitoka mkononi mwake.

Na ule ukuta wa moto? Kama ndani ya kisiwa ni sehemu ya mnururisho wa zamani basi mwenzake wa ndani na mnururisho wa zamani sio watu wawili tofauti, ni mmoja aliyeandikwa kwa namna mbili, na ile sheria ya kutofungamana na wawili haijaguswa. Ila hilo linadai kwamba kilichoko ndani ya shimo kinaweza kubadilishwa na mtu aliye mbali sana akicheza na mnururisho aliokusanya, jambo ambalo ukilitafakari halikai vizuri kichwani. Daniel Harlow na Hayden walikuwa wameshaonesha mwaka 2013 sababu mojawapo ya kutoliona hilo likitokea: kuuchambua mnururisho ule mpaka usome kilichomo kunahitaji muda mrefu kupita kiasi, hata kwa kompyuta ya kwantamu, mrefu kuliko umri wote wa shimo lenyewe, kwa hiyo ukimaliza kusoma hakuna shimo tena la kurukia kwenda kuhakiki.

Watu wakitangaza kwamba kitendawili kimeteguliwa mimi huwa nasita, na sababu ni hii. Hesabu ya 2019 inakupa kiasi, inakwambia kutokujua kunapanda na kushuka vile inavyotakiwa, lakini haikupi hali yenyewe ya mnururisho. Haioneshi ni kwa njia gani taarifa ya chembe fulani iliyodondoka ilifika kwenye chembe fulani iliyotoka. Tena hesabu zilizo safi zaidi zimefanywa kwenye ulimwengu mwepesi, wenye vipimo viwili tu (mwelekeo mmoja wa anga na muda), au ulimwengu uliounganishwa na hodhi la nje lisilo na graviti ambamo mnururisho unamwagwa, na Hao Geng na Andreas Karch wamesisitiza kwamba muunganiko wa namna hiyo unaipa chembe ya graviti masi, wakati kwenye ulimwengu wetu tunaamini haina. Wengine wanajibu kwamba hilo halibadilishi kiini cha hesabu. Kwa hiyo kazi inayoendelea sasa hivi ni kuvijenga visiwa kwenye anga lenye vipimo vinne na graviti ya kawaida kila mahali, ambapo hata kusema mnururisho uko huku na shimo liko kule sio jambo jepesi, kwa sababu graviti ya shimo inafika mbali na inabeba habari zake mpaka nje.